Baba mkwe alinigabira wetsuit kama ng'ombe, nikashindwa kuibadilisha mpaka ziwa likaamua

Wakuu, salaam kutoka Kigali, mji wa vilima na wa watu wasiopenda kusema hapana.

Haya yamenitokea mwenyewe. Mke wangu amesimama nyuma yangu anasoma kila neno ninaloandika, kwa hiyo hata ningetaka kutia chumvi nisingefika mbali.

Kwa wasiojua, triathlon ni mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote kwa mpigo, na hakuna mtu aliyekulazimisha. Wetsuit ni lile vazi la mpira linalobana kuanzia shingoni mpaka vifundo vya miguu. Wenzetu wa nchi za baridi wanalivaa wasigande.

Mimi nalivaa nisizame.

Nimekulia Bukoba, ziwa liko pale mbele ya macho, na bado nikafika utu uzima maji ninayoyajua ni ya ndoo. Kuogelea nimejifunzia kwenye bwawa hapa Kigali, baada ya kitambi kuanza kunitangulia mlangoni. Mikono napiga vizuri tu. Shida ni miguu, yenyewe inapenda kwenda chini kuangalia kuna nini. Ule mpira una vipovu vya hewa ndani yake, na ndivyo vinavyoniinulia miguu. Kwa hiyo mwingine akisema wetsuit ni urembo, mimi kwangu ni bima ya maisha.

Sasa niliipataje?

Baba mkwe wangu, Mzee Gaspard, anakaa Nyakabanda. Amekulia Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Kabla ya kustaafu alifanya kazi kwenye hoteli moja kando ya Ziwa Kivu, upande wa Rubavu. Aliposikia mkwe wake ameanza mambo ya triathlon, aliniita sebuleni kwake mbele ya wajomba na mashangazi, akafungua kasha la bati, akatoa wetsuit inayonuka naftalini.

Mtu wa kawaida angesema "shika hii, itakufaa", tukaendelea na chai.

Mzee alisimama. Akakohoa. Akatoa hotuba.

"Mukwe wangu, miye hapa mujini sina ng'ombe. Lakini hii iko ng'ombe yako. Nakugabira mbele ya hawa wote. Jina yake ni Bihogo."

Wakuu, ambao hamjaoa huku mtaona ni utani. Kugabira si utani. Mtu akikugabira ng'ombe mmefungwa kamba ya undugu. Humuuzi, humchinji, humbadilishi bila kurudi kwa aliyekupa kumweleza. Akifa, unabeba pombe unakwenda kutoa taarifa kwa adabu. Akizaa, siku moja unamrudishia ndama. Hapo kwenye ndama nikajua mimi na mzee tutakuja kusumbuana.

Halafu Bihogo ni jina la ng'ombe wa rangi ya kahawia iliyokolea. Wetsuit yenyewe ilikuwa nyeusi tii. Nani amuulize mzee? Nilinyoosha mikono juu kama pembe, nikapaza sauti: "Yampaye inka Databukwe!" Yaani baba mkwe amenipa ng'ombe. Wajomba wakapiga makofi. Solange, mke wangu, alikuwa mlangoni amejiziba mdomo kwa kitenge, mabega yanamtikisika.

Kuanzia siku hiyo, kila Jumapili tukienda Nyakabanda baada ya misa, swali la kwanza lilikuwa moja. Si afya yangu, si kazi yangu.

"Bihogo iko aje?"

"Iko salama Databukwe. Inakula vizuri."

Mzee anatikisa kichwa, anaridhika, soda zinaletwa.

Mwanzoni ilikuwa kweli. Bihogo alinibeba. Nilikuwa nikienda Ziwa Muhazi na kundi letu la mazoezi, naelea kama gogo lenye furaha, narudi nyumbani Kinyinya, namsuuza kwa maji safi na kumwanika kivulini kama maelekezo yanavyotaka.

Hapa wale waliofungua uzi huu kutafuta ushauri wa kiufundi wasogee karibu. Wetsuit ikichoka inakuambia yenyewe, tena kwa upole kuliko binadamu.

Kwanza mabega yalikuwa magumu. Nikinyoosha mkono mbele, mpira unanivuta nyuma kama mtu ambaye hatujamaliza maongezi. Baadaye kwapani pakaanza nyufa, zile za kisigino wakati wa kiangazi. Mshono wa paja ukaachia. Siku moja nimetoka Muhazi, nimesimama ufukweni, na nusu ya ziwa bado iko ndani ya suruali yangu. Wenzangu walinipiga picha.

Na dalili kubwa kuliko zote: miguu ikaanza tena kwenda chini. Vile vipovu vilikuwa vimekwisha nguvu. Bima yangu ilikuwa imekatika na mimi bado naonyesha kadi.

Mtu mwenye akili hapo ananunua nyingine. Mimi akili ninayo, ila pia nina wakwe.

Nikampeleka Bihogo hospitali. Hospitali yenyewe ni Gisozi, pale Agakiriro penye karakana, kwa fundi wa makochi. Nilifikiri vizuri sana, mtanisifu: kochi lina sponji na ngozi, wetsuit ni kama sponji na ngozi, tatizo liko wapi?

Fundi aliigeuzageuza, akaninusia kwapa la wetsuit, akasema, "Boss, ntakibazo, hakuna shida. Hii iko kama kiti tu. Tofauti mutu anaingia ndani."

Akapaka gundi. Akapiga viraka vya ngozi ya kochi. Akashona na uzi mnene, sindano ikitoboa mpira kila ilipopita, kazi safi kabisa kwa kitu kitakachokaa sebuleni. Viraka vyenyewe, ngozi aliyokuwa nayo siku hiyo, vilikuwa vya kahawia.

Mzee Gaspard alikuwa nabii, wakuu. Bihogo alikuwa amefika rangi yake.

Nilipoivaa nyumbani kumwonyesha Solange, alinizunguka mara moja, hakucheka.

"Ariko wewe, utakufa umevaa sofa."

"Si imezibwa?"

"Mwambie papa imeisha. Ni neno moja tu."

"Nitamwambia."

Na kweli nilikwenda kumwambia. Nilibeba kreti ya bia mpaka Nyakabanda, kama mtu anayekwenda kutoa taarifa ya msiba wa ng'ombe. Njiani nimepanga maneno yote. Nafika, mzee amekaa na majirani zake, ananionyesha kwa kidole: "Uyu ndiye mukwe ninawaambiaka. Anachunga vizuri kitu ya watu."

Ungekuwa wewe ungesema nini?

Mimi nilisema bia zipo za kutosha. Tukanywa. Na katika kunywa, mdomo wangu wenyewe, bila kunishirikisha, ukamkaribisha mzee Rubavu kutazama mashindano madogo ya kundi letu. Akafurahi mno.

"Nitakuja niione Bihogo mu maji na macho yangu."

Solange alipopata habari alienda kukunja nguo. Mlio kwenye ndoa mnakujua kule kukunja nguo.

Siku ikafika. Kivu asubuhi ile ilikuwa imetulia, maji mazuri, wala hakuna baridi ya kumfanya mtu ahitaji wetsuit. Kwenye kundi letu hakuna anayepima joto la maji, kila mtu anavaa kinachompa imani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jamaa wa brochette, yaani mishkaki, kofia kichwani, suti ya harusi mwilini. Solange amesimama pembeni yake. Nikapita mbele yao na viraka vyangu. Mzee alikunja uso kidogo.

Filimbi ikalia.

Mpaka boya la kwanza nilikuwa bingwa. Baada ya boya nikasikia ubaridi kwenye paja, ukapanda kiunoni, ukafika kifuani. Zile tundu za sindano ya Gisozi zilikuwa zinafanya kazi yake. Maji yaliingia, hayakutoka. Miguu ikaanza safari yake ya zamani, na safari hii imebeba mizigo.

Nikapiga mikono. Sisogei. Nikataka kuita, nikanywa maji.

Hapa niache mzaha kidogo. Niliogopa. Niliogopa kama mtoto. Sikuona maisha yangu yakipita, sikufikiria jambo lolote la maana. Niliangalia ufukweni nikaona rangi ya gauni la Solange, dogo kabisa, nikajua nimefanya upumbavu ambao yeye ndiye atakayeulipia.

Jamaa wa kayak, kale kamtumbwi ka kuokolea watu, alinifikia. Nikaikumbatia kayak yake kwa mapenzi ambayo sijawahi kumwonyesha mtu. Akanikokota mpaka pwani.

Solange alikuwa ameshaingia majini mpaka kiunoni na gauni lake la heshima. Analia bila sauti. Alinishika kola, akanivuta mpaka nchi kavu.

Nikakaa mchangani, kifua kinapanda na kushuka. Watu wanavuta zipu, zipu imekwama kwenye kiraka. Mpira unanikaba shingo. Ndipo Mzee Gaspard aliposogea. Ameomba kisu cha jamaa wa brochette. Akapiga magoti kwenye mchanga uliolowa na ile suti yake ya harusi, akaingiza kisu shingoni kwa uangalifu, akapasua mpaka tumboni.

Ndiyo wakuu. Ng'ombe wangu alichinjwa na aliyenigabira.

"Databukwe, nisamehe," nikasema. "Bihogo alikuwa mgonjwa siku nyingi. Niliona haya kukuambia."

Aliendelea kukata.

"Ilikuwa muzee tangu zamani," akasema. "Ule muzungu wa hoteli, akienda kwao, aliniambia nitupe. Nikaona haya kutupa kitu ya mugeni. Nikaiweka. Nikakupatia weye."

Naomba mrudie kuisoma hiyo. Nimezunguka Gisozi, nimebeba kreti, nimekunywa Kivu, nikilinda heshima ya kitu ambacho mzee mwenyewe alishindwa kukitupa kwa ajili ya heshima.

Kwa hiyo jibu la swali la lini nilipaswa kubadilisha wetsuit: kabla sijapewa.

Nilitaka kucheka. Lakini mzee alikuwa ameacha kukata, ananitazama, na macho yake yamejaa maji.

"Miye nilikupatia Solange. Hii ni mupira. Unaliza mutoto wangu juu ya mupira?"

Nililia pale pale mbele ya kundi langu la mazoezi, ambalo lilipiga picha tena.

Sasa nina wetsuit mpya. Haina jina, haina hotuba, na nimeinunua mwenyewe baada ya kuijaribu majini. Masalia ya Bihogo yako Nyakabanda. Mzee amekata vipande viwili, anapigia magoti kanisani, anasema magoti hayajawahi kutulia hivyo.

Nilichojifunza ni kifupi. Mpira ukiwa mgumu, ukipasuka, ukishika maji, au miguu ikianza kuzama, umekwisha, usiupeleke kwa fundi wa makochi. Na ukishindwa kusema "imeisha" kwa sababu ya aliyekupa, jua unamdharau. Umeamua peke yako kwamba anapenda kitu chake kuliko anavyokupenda wewe. Wengi wetu tunafia adabu ambazo hakuna aliyetuomba.

Karibuni mnicheke, mnishauri, na wale mnaotunza zawadi ya mkwe inayowamaliza taratibu mjitokeze bila aibu, humu hatujuani. Wanaotaka picha za viraka, kundi langu linazo nyingi mno.

Mke wangu bado amesimama hapa nyuma, anasema nisifunge uzi bila kuandika la Jumapili iliyopita.

Tulifika Nyakabanda baada ya misa, tukakaa, na mzee akauliza kama kawaida yake.

"Ile nilikupatia iko aje?"

Nikaanza kumweleza habari za wetsuit mpya. Akanikatiza, akamwonyesha Solange kwa kidevu.

Kabla sijafungua mdomo, Solange akamjibu mwenyewe:

"Iko salama papa. Inakula vizuri."