Udongo wa Dharampal

Dharampal alikuwa mtunza bustani wa bosi wetu kule Al-Malqa, Riyadh, nami mpishi. Siku ya kwanza sikumpenda. Mwanamume mzima anakunywa jagi la maziwa, ati chai inalegeza mwili. Nikamwambia maziwa ni ya watoto wa nyumba. Akaleta yake, na lozi zake, akaomba tu nimsagie. Nikasaga. Mtu asiyetaka vya bure namheshimu.

Kwao India alikuwa mpiga mieleka tangu utotoni. Alilala uwanjani kwa mwalimu wake, akamkanda miguu, akamchotea maji, ndipo akafundishwa kukaba. Hakuoa, maana mwili wa mieleka, alisema, haugawanywi. Tena aliapa hatakanyaga uwanja mwingine wowote mpaka mwalimu wake amruhusu.

Nyuma ya tangi la maji alichimba shimo pana, akachanganya udongo na mafuta, manjano na maziwa lala. Kila alfajiri aliupiga jembe ulainike, akajipaka kidogo kwenye paji la uso, kisha akachuchumaa na kusimama, akachuchumaa na kusimama, mpaka jasho likatiririka. Peke yake. Mieleka ya mtu mmoja nani ameiona? Titus, dereva wetu, alimwita bwana harusi asiye na bibi.

Ijumaa Wahindi wenzake walishindana mahali pa vumbi nje ya mji, wakamwita. Hakwenda. Alimpigia mwalimu simu kuomba ruhusa, na mzee akawa anajibu lile lile: njoo kwanza nikuone ulivyo. Akiomba likizo, bosi naye anasema inshallah. Miaka ikaenda hivyo, kati ya njoo na inshallah.

Tulipohamishiwa Al-Hamra, Jidda, sisi tulibeba mablanketi, yeye akabeba gunia la udongo ule. Nyumba mpya ni vigae ukuta hadi ukuta. Akaumwaga juu ya paa, ndani ya beseni kubwa la bati.

Huko ndiko habari ilimkuta kwamba mwalimu amekufa. Nilimpelekea maziwa, hakugusa. Nikamwambia kwa Kiarabu chetu cha kuokota, "Halas, yamekwisha, mwanangu. Kifo kimekufungua. Hata hapa Jidda Wahindi wanashindana, Ijumaa nenda ukapigane."

"Hapana, Mama. Mwenye kuniruhusu hayupo. Nani ataniambia nenda?"

"Mimi nakwambia."

Akatabasamu kwa adabu. "Wewe si mwalimu wangu, Mama."

Mimi sishindwi na Mhindi. Nilimfulia nguo yake ya mieleka, nikamwambia Titus ampeleke. Titus anasema alivua shati, akainama ukingoni kugusa udongo, mkono ukasimama hewani. Akarudi akakaa garini. Kijana aliyekuwa akimngoja wapigane akatafutiwa mwingine.

Siku hizi anakunywa chai, tena ya sukari nyingi. Mapaja yamekwisha. Juzi madam, mke wa bosi, aliuliza lile beseni la nini, nikasema la dhania, kisha nikapanda kweli nisije nikaitwa mwongo. Dharampal alisimama akinitazama.

Nimepanda mara mbili sasa. Haioti. Udongo umejaa mafuta.