Siku Rais Alipomkumbatia Mwasi

Siku hiyo redio ilitangaza kwamba rais amemkumbatia kiongozi wa waasi, yule aliyemwita msaliti miaka yote ya vita. Alisema amesamehe, nasi tusamehe. Nililia palepale dukani kwangu, mtaa wa Hai Jalaba, mimi nisiyelia hata msibani. Nikafunga duka, nikaenda nyumbani kusonga ugali wa mtama, nikapakua mboga za karanga, nikavuka njia kwenda kwa jirani yangu.

Jirani huyo nilirudi naye kutoka ukimbizini Uganda, tukajenga mtaa wa Lemon Gaba tukitazamana milango. Kisha mumewe akajiunga na waasi, na kaka yangu, askari wa serikali, akauawa na kikosi cha mume huyo. Kwa desturi yetu, nyumba zenye damu kati yao hazili chombo kimoja mpaka achinjwe mbuzi, na watu wa pande zote mbili wamruke. Lakini yaliyopita si ndwele, nilijiambia. Kama rais ameshapatana, mbuzi wa nini tena? Tukala sahani moja, tukicheka kama zamani.

Niliporudi, mama hakunipigia kelele. Alichukua sahani yangu na kikombe changu, akaviweka kando.

"Rais nasamehe damu yake," alisema. "Ya mtoto yangu iko palepale. Wewe sasa nakula na wale."

Nilikasirika, nikamjibu vibaya. Halafu nikachanganyikiwa kabisa. Nchi nzima ina amani, mimi ndani ya nyumba ya mama yangu nimekuwa adui! Nani alikosea: mimi, mama, au rais? Mpaka leo sijui.

Mwezi uliofuata, mume wa jirani alirudi na wenzake waliosamehewa. Akaja mlangoni kwetu na mbuzi dume mweupe, pamoja na wazee wawili wa ukoo wake. Moyo ukanitulia, nikakimbilia kisu. Mama akatusimamisha sote kwa swali moja.

"Nyinyi nazika mtoto yangu wapi?"

Mwanamume yule aliinamisha kichwa. "Mama, mimi hapana jua. Ile siku sisi nakimbia."

"Khalas, basi." Mama alimpokonya kamba, akamfunga mbuzi kwenye nguzo yetu. "Hii nakaa hapa. Siku wewe najua, sisi nachinja."

Tangu hapo wakubwa wa nchi wamegombana na kupatana tena mara mbili. Mbuzi amezeeka, meno yamemtoka, na mimi namkatia majani mabichi, laini, asije akafa kabla sijala tena na mama yangu.