Sifuri Niliyoichora Nje ya Ua

Jamani, nitawasimulia, ila mkitaka kucheka geukeni upande, maana hata leo nikisikia neno sensa masikio yangu yanapata moto. Enzi zile za Mwingereza nilikuwa mwalimu kijana hapa Iguguno, nina suruali moja ya heshima na mwandiko mzuri kuliko akili yangu, na kwa ajili ya mwandiko huo nikateuliwa karani wa kuhesabu watu.

Kuhesabu vichwa hakukunishinda. Kilichonishinda ni fomu ya wanawake: mama, umezaa wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa? Niliuliza kaya kwa kaya, wengine wakanijibu huku wakitazama moto, wengine wakanifukuza (na mbwa wao wakasaidia), mpaka nikafika kwa Mama Naomi. Sasa huyo Naomi ndiye mchumba wangu, ng'ombe wa mahari walishakubaliwa, na kwetu mama mkwe humtazami usoni, mkikutana njiani unajitupa kwenye shamba la mtama apite. Nitamuulizaje habari za uzazi na misiba? Nikasimama nje ya ua, nikajaza wale watano niliowajua, na penye waliokufa nikachora sifuri moja safi, mviringo kama yai la kanga. Nikaondoka napiga mluzi.

Wiki mbili baadaye jumbe akaniita barazani. Amekuja Bwana Daktari, Mzungu, kijiji kizima kimekaa vumbini, wanaume huku, wanawake kule, na fomu zimerundikwa mezani.

"Mwalimu, wewe ndiye mkalimani," akasema jumbe, nami nikajivuna kama jogoo.

Bwana Daktari akainua karatasi moja. Niliutambua mwandiko wangu kabla hajafungua kinywa. Kila kaya, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, imezika watoto, isipokuwa hii moja tu. Huyu mama anawalisha nini? Anawatibu vipi? Asimame awafundishe wenzake!

Mama Naomi akasimama, mikono kaifunga kifuani. Nyuma yake Naomi ananitazama. Mgongo wangu wote ukalowa.

"Muulize," akasema Bwana Daktari.

Nikauliza kwa Kinyiramba, macho kwenye kiatu changu (kilikuwa kimefumuka, uzi wake naukumbuka mpaka leo). Kisha akajibu, polepole:

"Nimezaa tisa. Wanne wamelala nyuma ya zizi. Nani kasema hawakuzaliwa?"

"Anasema nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, maneno matatu tu, uji na maziwa, Mzungu aandike aende zake. Lakini jumbe alishaweka chini kibuyu chake cha ugoro.

"Mwalimu. Tafsiri."

"Anasema..." nikakitazama tena kile kiatu. "Anasema karani ni mwongo."

"Karani gani?"

"Mimi, Bwana."

Kicheko kikalipuka upande wa wanaume. "Mwalimu anafufua watu kwa kalamu!" mmoja akapiga kelele. "Apite na kwangu, baba yangu yuko kaburini!" Wanawake hawakucheka hata mmoja, na hilo ndilo lililonimaliza.

Mama Naomi akangoja wanyamaze.

"Kama unaogopa kuniuliza wangu waliokufa, siku binti yangu akizika wake utamuuliza nini? Utakimbilia shamba la mtama?"

Bwana Daktari akanisukumia kalamu. Niandike upya, hapo hapo. Mama Naomi akataja, nikaandika: Kitundu, aliyeondoka na surua. Mpinga, tumbo la kuhara. Na mapacha, ambao hawakungoja majina. Fomu haikuwa na nafasi ya majina, nikayabana pembeni, na Bwana Daktari akayaona asiyafute.

Ukarani uliishia siku hiyo. Harusi nayo, Mama Naomi akatuma neno, ingoje mavuno mengine. Nikaenda nyuma ya zizi, mchana kweupe, nikang'oa magugu kwenye vile vijilima vinne vya makaburi kwa mikono yangu, na kila mpita njia akaniuliza, "Mwalimu, unahesabu tena?" Siku ya tatu Naomi akaniletea maji ya kunywa. Akangoja nimalize kibuyu.

Tangu hapo sijamjazia mtu karatasi yake bila kumuuliza mwenyewe. Mimi na Naomi tumezaa sita, tunao watano. Karani akija siku hizi, namjibu kabla hajainua kalamu: sita. Na yule mmoja namtaja kwa jina, hata kama hana mahali pa kuliandika.