Mwinda Majambazi na Salamu Zake Nyingi

Mwalimu wetu wa historia alikuja darasani na boksi la barua za babu wa babu yake. Huyo babu alikuwa mmoja wa wakulima waliopewa bunduki, zaidi ya miaka mia iliyopita, wakawasake majambazi waliopora benki hapa Minnesota na kutokomea porini. Nilitegemea risasi. Wapi! Mzee kazi yake kulalamikia mvua, matope na mbu. Kwenye barua moja amelinda daraja siku mbili nzima, akakamata ng'ombe.

Darasa likasinzia. Nikaona nimsaidie mzee. Nyumbani, mtaa wa Phillips, nilichovya karatasi kwenye chai ya rangi, nikaikausha juu ya hita, nikaandika kwa mwandiko wa kulala kama wake: jambazi kajificha kwenye banda la kuku, mzee anamvizia, jambazi anapiga chafya, kuku wanataga kwa woga. Nikaichomeka kwenye boksi. Mpango ulikuwa mwalimu aisome, tucheke, nipelekwe ofisini, nirudi shujaa.

Aliisoma, akalia.

"Nyumbani walituambia alikuwa mtu mkali, hacheki na mtu," alisema huku akijifuta macho. "Kumbe alikuwa mchekeshaji!"

Wewe ungesema nini hapo? Mimi nilisema, "Hongera, mwalimu."

Tangu siku ile sikupumua. Barua ikatiwa kwenye fremu. Mwalimu akatangaza kwamba siku ya wazazi atalikabidhi boksi lote, na fremu juu yake, kwa mzee mmoja wa makumbusho kule Saint Paul. Kila asubuhi nilipanga kukiri, na kila asubuhi alinidaka mlangoni anisimulie upya ile chafya. Siku yenyewe ilipofika nikajaribu kuumwa. Lakini mama yangu ni nesi. Kwetu huumwi mpaka kipimajoto kikubali.

Mama alikuja na sare zake za hospitali, akasimama mbele ya fremu. Akasoma. Akasoma tena. Nikautafuta mlango wa dharura. Walikuwa wameuziba kwa meza ya keki.

"Hebu njoo," akaniita kwa Kiswahili, sauti ya chini, meno yote nje kwa ajili ya wageni. "Huyu mzungu wa bunduki mbona anaanza na 'Pokea salamu nyingi, mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali'?"

Barua pekee nilizowahi kuandika maishani ni zile anazonilazimisha kumwandikia bibi. Sikujua kwamba kuna watu wanaingia kwenye habari bila kubisha hodi. Mistari mitano ya afya, mvua na mahindi, ndipo jambazi anatokea. Na mwishoni, "wasalimie wote wanaonifahamu." Yote hayo nilikuwa nimeyatia Kiingereza, nikajiona fundi.

"Labda na wao walikuwa na adabu, mama."

"Adabu?" Akanishika kiwiko. "Sema wewe au niseme mimi. Nikisema mimi, naanzia siku uliyozaliwa."

Mwalimu alikuwa ameshalinyanyua boksi. Mzee wa makumbusho alikuwa anavaa glavu nyeupe. Nikasema, harakaharaka, macho kwenye viatu vya yule mzee: chai, hita, kuku, kila kitu.

Hakuna aliyenifokea. Niliomba moyoni wanifokee. Mzee alivua glavu, kidole kimoja kimoja. Mwalimu aliweka boksi mezani, akaitoa barua yangu kwenye fremu, akaisukuma pembeni. Halafu akachukua nyingine kutoka kwenye boksi.

"Na hii?"

"Hiyo ya kweli, mwalimu."

"Na hii?"

"Ya kweli pia. Mimi niliandika moja tu. Naapa."

Akaitazama. Akanitazama. Akaigeuza upande wa nyuma, akaipeleka kwenye taa. Ndani ya boksi zilibaki barua thelathini na kitu, na zote aliniuliza.