Karani Joel na bahasha mbili

Bado haijaniingia. Joel amefariki Jumanne, hospitali ya Kapkatet, na mimi nilikuwa nimeweka ndizi za kumpelekea Jumamosi. Ziko hapa zinaiva.

Wengi wenu mnanifuata kwa ukurasa huu kwa sababu ya ng'ombe wangu. Leo hakuna ng'ombe. Leo nawaambia juu ya karani wa mizani.

Mwanzo wa miaka ya sabini Joel alikuwa anapima majani ya chai kwenye estate moja huku Kericho. Kijana wa Kabianga, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni.

Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na hapo ndipo shida yake ilianzia. Minutes za mikutano ya kanisa, Joel. Minutes za harambee ya kujenga sekondari, Joel. Hotuba ya chifu, kadi za salamu za redio, ripoti ya akina mama. Mtu akija na karatasi, alipokea kwa mikono miwili.

Na kila Jumapili baada ya ibada, wachunaji waliotoka mbali walipanga foleni nje ya nyumba yake awaandikie barua za nyumbani.

Bwana yangu alikuwa kwa hiyo foleni. Mimi nilibaki kwetu Kisii na mtoto mmoja, nangoja aseme nije lini.

Barua za wakati huo hazikuwa na jina ndani. Mwanaume hangetaja jina la mke wake mbele ya karani, ilikuwa aibu. Ni "Kwa Mama Watoto, salamu nyingi sana, mimi ni mzima," na mwisho "Ni mimi, Baba Watoto." Jina lilikuwa kwa bahasha tu, na hilo lilikuwa la mzee wa boma, si la mke.

Yangu nilisomewa na mwalimu. Nyumba nimepewa, nimeipaka chokaa, njoo upesi. Nikauza kuku wote, nikafunga mtoto mgongoni, nikaja.

Bwana yangu aliponiona pale mizani aliweka kikapu chini akauliza, "Nani amekufa?"

Kumbe yeye alikuwa ameniandikia nisije. Alikuwa analala chumba kimoja na wanaume watatu.

Ile barua ya chokaa ilikuwa ya Onchari, mchunaji mwenzake. Joel aliandika barua kumi na moja siku hiyo, minutes za harambee zinamngoja mezani, akabadilisha bahasha mbili.

Hiyo yangu ya "usije, nafasi hakuna" ilienda kwa mke wa Onchari, aliyekuwa amengoja miaka miwili. Akasema, basi, huyu ameshapata mwingine. Akaanza kufunga vitu arudi kwa wazazi wake.

Joel hakujitetea. Alituita, akasema, "Ni mimi. Nilikuwa nafunga bahasha na akili iko kwa kamati." Onchari alikuwa anaangalia nyumba yake, ina chokaa na haina mtu.

Jioni hiyo Joel alimkalisha chini waandike upya. Akamwambia safari hii lazima jina liwe ndani. Onchari alilitamka akiangalia miguu yake: Moraa.

Joel akaomba ruhusa, akapanda basi mpaka Kisii, hajui hata neno moja la Kikisii. Alimkuta Moraa na gunia limefungwa tayari. Moraa akamwambia, "Nitajuaje hii ni ya kweli?"

Joel akaisoma. "Kwa Moraa." Moraa aliniambia baadaye kwamba hakuwa amewahi kusikia bwana yake akimwita hivyo, akajua hilo jina karani hawezi kujitungia, ni Onchari amelitaja. Akalibeba gunia.

Alipofika Kericho alinikuta mimi ndani ya nyumba yake, kwa maana sikuwa na pa kulala. Nikamwambia, "Ingia, mama, ni kwako." Onchari akaenda kubanana na wale wanaume. Tulikaa humo na Moraa mpaka nasi tukapewa yetu.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, Joel alienda mbele akaweka vitabu vinne vya minutes mezani. Akasema kuanzia leo anaandika barua za nyumbani tu, mbili kwa Jumapili. Jina ndani, na unasomewa kabla ya kufunga.

Mwenyekiti wa harambee akamuuliza, "Joel, unaacha kazi ya wakubwa ukawaandikie wachuna chai?"

"Ndiyo, mzee."

Walimwita mwenye kiburi miaka mingi. Nafasi ya karani mkuu ilipewa mwingine. Hiyo ilimuuma. Aliniambia mara moja, hakurudia.

Lakini hakuna barua iliyopotea tena.

Mimi pia alinikatalia. Nilienda na karatasi aniandikie mama yangu. "Shemeji, zangu mbili zimejaa. Keti, shika kalamu." Nilikasirika, nikakaa kwa hasira. Msimu mzima wa mvua kubwa ulipita kabla niweze kuandika jina la mama yangu bila kuangalia.

Sasa watoto wake wanataka niandike historia yake ya kusomwa mazishini. Kanisa wanataka yao. Group ya wastaafu wa estate wanataka ya kwao, kesho asubuhi. Nimewaambia wote hapana, naandika moja. Nafikiri wamenuna.

Nimeisoma kwa sauti mara mbili kabla ya kufunga.

Kwa Joel Kiplang'at, wa Kabianga.

Ile barua ulinitumia haikuwa yangu, na nimeishi nayo miaka hamsini. Hii ni yako.

Lala salama, shemeji.