Gunzi Kwenye Bomba la Kupumulia

Nakumbuka siku ile kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu, mwanangu, na mke wangu analijua hilo, ameshanisamehe.

Vita vilikuwa vimeingia Bunia. Nilikuwa fundi wa malori, kichwa kikubwa kuliko ujuzi. Mzee Kasereka, aliyenifundisha kazi, alikuwa na desturi moja: lori linalotoa moshi halitoki garaji bila kupimwa. Unaacha injini ipate moto, unafungua kifuniko cha mafuta juu yake, unakigeuza na kukilaza juu ya tundu. Kikitulia, nenda kwa amani. Kikirukaruka na kuanguka, ujue moshi wa dizeli unapenya kando ya pistoni na kushuka tumboni mwa injini. Hapo unalegeza bomba la dizeli la kila silinda kwa zamu. Ukilegeza moja na pumzi inayokisukuma kifuniko ikapungua, umempata mgonjwa. Ni kazi ya subira, na ninyi mnaotazama simu kabla ya kutazama injini, nawaona.

Asubuhi hiyo risasi zilisikika tangu alfajiri. Mzee alikuwa amekwenda Mbunya kuwachukua wajukuu wake, akaniachia lori la kupeleka watu Beni. Juu ya mizigo walikuwa wamejaa akina mama, magodoro na kuku. Kati yao alikuwa dada yangu mkubwa, Dorcas, mwenye mimba ya miezi minane. Nilikilaza kifuniko juu ya tundu. Kiliruka, kikaanguka chini. Bomba la kupumulia, lile linalotoa nje pumzi ya tumbo la injini, nalo likawa linatema moshi na matone ya mafuta.

"Batu iko juu tayari, na weye unacheza na kifuniko?" shofere alinifokea. "Funga, twende!"

Nikamtazama yaya, maana kwetu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Niliogopa kwamba watu wakiuona ule moshi watashuka, naye atashuka pamoja nao, afie Bunia. Nikaokota gunzi la mahindi, nikalizungushia kitambaa, nikaziba bomba. Moshi ukakoma.

"Kamyo iko muzima?" yaya aliniuliza hali ya lori kutoka juu.

"Iko muzima, yaya. Enda na Mungu."

Siku ya tatu shofere alirudi kwa miguu. Pumzi iliyokosa njia ilikuwa imeisukuma sili ya nyuma ya injini, ile pete inayozuia mafuta yasivuje, hadi ikatoka, mafuta yote yakamwagika, na injini ikakwama kwenye mlima mbele ya Irumu. Wenye nguvu walikimbilia porini. Yaya hakuweza kukimbia. Wenye silaha walimkuta ameketi kando ya gurudumu. Sitasema zaidi ya hapo, mwanangu.

Njia ilipotulia, tulilifuata lori, Mzee na mimi. Yeye ndiye aliyelichomoa gunzi, likiwa jeusi kwa mafuta. Nilitamani anipige. Aliliweka kiganjani mwangu.

"Ile moshi haikuwa ya kuua," alisema polepole. "Kama uliacha tundu ya bomba wazi, ukawapa bidoni moja ya mafuta ya kuongezea injini, ukaambia shofere aende pole na apunguze mizigo, kamyo ingefika inakohoa. Ugonjwa haikumuua yaya yako. Gunzi yako njo ilimuua."

Nililia pale barabarani kama mtoto, naye akangoja mpaka nikamaliza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini si kila tundu ni ufa. Jingine ni pua. Walisema pia mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi niliyaficha maradhi ya lori, na kilio kikaja nyumbani kwa mama yangu. Sikudanganya kwa ubaya, nilidanganya kwa kumpenda, na kaburi halikuuliza nia yangu.

Basi, mwanangu, ukiona moshi, sema moshi. Pima, tafuta silinda iliyo mgonjwa, kisha waambie wenye safari ukweli wote, hata kama risasi zinalia. Waache wachague wenyewe kupanda au kushuka. Yaya angesikia ukweli huenda angepanda tu, lakini angepanda na bidoni ya mafuta.

Mungu aibariki mikono yako na ailinde nyumba yako. Na siku umpendaye atakapokuuliza kutoka juu ya mizigo kama kamyo iko muzima, Mungu akupe nguvu ya kumjibu kweli.