Uzi Mweupe Begani

Khubaib, kijana wa Mji wa Kale, alipotangazwa mshindi wa tuzo ya taifa ya muziki, Nasiha alipiga vigelegele mbele ya televisheni. Mumewe Jamaldin, fundi cherehani wa Biashara Street, alijishika kichwa. Koti jeusi alilovaa Khubaib alilishona yeye, na uzi mweupe wa bandi, ambao fundi huutoa kabla ya kukabidhi nguo, ulikuwa ungali begani.

"Miaka arubaini nashona!" alifoka. "Leo Kenya nzima yaniona mzembe!"

Kesho yake alifungua duka akiomba asije mtu. Akaja bwana harusi mtarajiwa.

"Ami, nataka koti kama la Khubaib. Na ule uzi mweupe usiusahau."